Jinsi ya kuomba takwimu za misaada ya nje kutoka serikali ya Uingereza

Sheria ya Uhuru wa Habari ya Uingereza ya mwaka 2000 haiangalii uraia. Mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuiomba wizara taarifa ilizo nazo, na halazimiki kueleza anazitaka za nini. Kinachowakwamisha wengi ni swali lililoulizwa vibaya.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, amua unauliza msaada upi. Hesabu rasmi hufuata kanuni za Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD, jumuiya ya kiuchumi inayokusanya hasa nchi tajiri: fedha zitoke serikalini, lengo kuu liwe maendeleo na ustawi wa nchi zinazoendelea, na masharti yawe nafuu. Silaha na vifaa vya kijeshi havihesabiwi. Gharama za kuwatunza wakimbizi ndani ya Uingereza kwa miezi 12 ya mwanzo zinahesabiwa, ndiyo maana sehemu ya "msaada wa nje" imeishia kulipia hoteli huko huko. Kipande hicho kiulizie Wizara ya Mambo ya Ndani, si Mambo ya Nje.

Mwaka nao ni mtego. Mwaka wa bajeti huanzia Aprili hadi Machi, lakini lengo la 0.7% ya pato la taifa, lililowekwa na sheria ya 2015, hupimwa Januari hadi Desemba. (Mwaka 2021 serikali ilishuka hadi 0.5% bila kuifuta sheria hiyo. Iliwezekana kwa sababu lengo lisipofikiwa, waziri hudaiwa maelezo bungeni, si mahakamani.)

Pitia takwimu za kila mwaka zilizokwisha kuchapishwa, maana wizara inaweza kukukatalia kile kinachopatikana tayari. Kisha tuma barua pepe yenye jina lako halisi na anwani ya kujibiwa. Andika kwa Kiingereza, kwa ufupi, kwa maana hii: "Naomba jumla ya fedha zilizoripotiwa kuwa msaada rasmi wa maendeleo, mwaka wa kalenda 2022, kwa ajili ya wakimbizi walioko Uingereza, zikigawanywa kwa aina ya matumizi."

Usiombe "nyaraka zote". Wizara inaruhusiwa kukataa kazi itakayozidi pauni 600, na kwa kiwango cha pauni 25 kwa saa hizo ni saa 24 tu.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 20 za kazi. Muda unaweza kurefushwa pale wanapopima maslahi ya umma, hasa wakidai kwamba kutoa taarifa kutaharibu uhusiano na nchi nyingine. Hoja hiyo hupendwa sana kwenye misaada, lakini haiwapi ruhusa ya kukataa moja kwa moja: lazima waonyeshe kwamba madhara yanazidi faida ya umma kujua.

Usiporidhika, omba wizara ipitie upya uamuzi wake. Ikishikilia msimamo, mlalamikie Kamishna wa Habari, msimamizi huru wa sheria hii, bila malipo, ukiambatanisha ombi lako na majibu yote mawili.