Mashina ya chini ya matofaa kwa vijiti: chini joto, juu baridi

Wadau, kila Juni ikiingia simu yangu hujaa swali lilelile: "Mkuu, vijiti vyangu vilichipua vizuri kabisa, mbona vimekauka?" Naandika mara moja, atakayeuliza kesho nimwelekeze hapa.

Somo ni la MM106, aina ya shina la chini, yaani lenye mizizi, ambalo juu yake nabebesha (naunganishia) tofaa aina ya Anna huku Njombe.

1. Kata Juni au Julai, mti ukiwa umelala. Majani yaliyogoma kupukutika yaondoe kwa mkono.

2. Tumia chipukizi la mwaka mmoja, unene wa penseli, kutoka mti mama unaokatwa chini kila mwaka. Kipande cha chini cha chipukizi ndicho kinachotoa mizizi vizuri, ncha tupa.

3. Urefu sentimita 30. Chini kata kwa kukingama, juu mshazari, usije ukasimika kichwa chini.

4. Toa macho yote ya chini, acha manne ya juu.

5. Kwangua gamba la chini pande mbili, sentimita 2, chovya kwenye homoni ya mizizi. Ya maji ni miligramu 2,500 kwa lita, sekunde tano.

6. Kitanda. Hapa someni polepole.

Mwaka wangu wa kwanza nilisimika vijiti 200 ndani ya kibanda cha nailoni, juani. Wiki ya tatu vilikuwa na majani mabichi, nikamwita mke wangu aje aone. Wiki ya tano nikahamishia kwenye viriba, na ndani ya siku kumi vyote vikanyauka. Nilipong'oa kimoja, gamba la chini lilibanduka mkononi kama ganda la muhogo uliochemshwa. Mzizi hata mmoja hakuna.

Majani yale yalikuwa yakila akiba iliyomo kwenye kijiti. Hewa ya juu ikiwa na joto, jicho huamka kwanza, likamaliza chakula kabla mzizi haujaanza. Kwa hiyo tunataka kinyume chake: miguu ipate joto, kichwa kibaki kwenye baridi ya Julai.

Chimba mtaro kivulini. Weka samadi mbichi iliyochanganywa na nyasi kavu, sentimita 20, lowesha, shindilia. Juu yake mchanga wa mtoni, sentimita 25. USISIMIKE SIKU HIYO. Joto la kwanza la samadi linaunguza. Ngoja wiki, chomeka kipimajoto mchangani: nyuzi 20 hadi 22 ni sawa, ikizidi 25 subiri tena. Kisha simika, theluthi mbili mchangani, mwisho wa kijiti usiguse samadi. Nailoni juu HAPANA. Mchanga uwe na unyevu tu, ukiufinya usidondoshe maji.

7. Baada ya wiki nne inua kimoja. Ukiona donge jeupe na vinundu vya mizizi vinachungulia, hamishia vyote kwenye viriba. Mizizi ikirefuka hukatika. Kubebesha ni msimu unaofuata.

MASWALI

Mkulima Mpya: Mkuu, vyangu vina majani tayari, nihamishe?

Jibu: Soma hatua ya 6.

Mkulima Mpya: Nimesoma, ila majani ni mengi sana.

Jibu: Majani si mizizi, ndugu yangu. Inua kimoja uangalie chini. Kama hakuna kitu, viache na uongeze kivuli.

Mama Shamba: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusipande tu mbegu za tofaa? Mbona ni rahisi?

Jibu: Marahaba mama, umeuliza la maana. Kila mbegu ya tofaa ni mtoto wa baba asiyejulikana: mmoja atakuwa mrefu, mwingine mfupi. Kijiti ni mti mama uleule, shamba zima linalingana. Hizo herufi MM ni Malling na Merton, vituo viwili vya Uingereza vilivyozalisha mashina haya. Mzazi mmoja wa MM106 ni tofaa la Marekani liitwalo Northern Spy, na kwake ndiko kulikotoka ukinzani dhidi ya wale vidukari wenye pamba nyeupe. Ila usilipande panapotuama maji, shingo ya mti itaoza.

Kijana wa Makambako: Kwa hiyo na parachichi nifanye hivihivi?

Jibu: Hapana. Kijiti cha parachichi kutoa mizizi ni kazi ngumu mno, otesha kokwa ubebeshe. Embe vilevile.

Mdau wa Lushoto: Homoni huku haipatikani. Asali inafaa?

Jibu: Asali haina homoni ya mizizi. Kama huna, achana na vijiti, fukia: kata mti mama karibu na ardhi, machipukizi yakifika sentimita 15 yapandishie udongo nusu, rudia yanavyorefuka. Yatatoa mizizi yakiwa bado kwa mama yao.

Mama Shamba: Na komamanga langu mwalimu?

Jibu: Hilo halisumbui, mama. Kijiti kigumu na mchanga wenye unyevu vinatosha, hata homoni si lazima. Mtini na mforosadi hivyohivyo. Anza na hivyo mkono uzoee, Juni ijayo njoo uchukue vijiti vya MM106 kwangu.