AM usiku mjini: zungusha redio, achana na antena

Antena ya kuvuta ni ya FM. Kwenye AM (masafa ya kati, MW) haina kazi. Redio nyingi ndogo hunasa AM kwa kijiti cha feraiti (mada ya sumaku iliyozungushiwa waya) kilicholala ndani ya kasha, kutoka kushoto kwenda kulia. Kijiti hicho husikia vizuri ubavuni, lakini kwenye ncha zake karibu hakisikii kitu. Kwa hiyo winda kero (kelele au kituo kinachoingilia) badala ya kituo unachokitaka: tumia betri, chomoa chaja na zima taa za LED zilizo karibu, tafuta masafa, kisha zungusha redio nzima polepole mpaka mngurumo uzame. Pembe yenyewe ni nyembamba, nyuzi chache tu, na wengi huipita kwa haraka. Mfano, ukiwa katikati ya Chicago unakitaka kituo cha WSM 650 kHz cha Nashville, kilicho kusini, huku kituo cha WSCR 670 cha Chicago kikivuja kutoka mnara wake magharibi mwa jiji: elekeza ncha magharibi. Mbinu hugoma kero na kituo vikiwa kwenye mstari mmoja. Ndani ya jengo la zege na nondo, sogea dirishani kwanza. Redio ya gari isahau. Inatumia antena ya nje.