Somo: Kuitunza pikipiki kongwe ya mashindano yenye injini ya mipigo miwili katika hewa ya bahari

Assalaam alaykum, wanachama. Somo hili nililiahidi tangu kabla ya masika, nami nimelichelewesha kwa sababu ya aibu kidogo. Pikipiki yangu mwenyewe, Yamaha TZ250 ya miaka ya sabini, ilikuwa imelala mezani vipande vipande kwa kosa nililolifanya mimi, wala fundi hakuhusika. Niliiacha imesimama miezi mitano bila kuiandaa, nikiamini kwamba chombo kisichotembea hakichakai. Nilipoifungua nilikuta beringi ya chini ya konrodi (mkono unaoiunga pistoni na krenki) imeingia vidoa vya kutu vidogo kama ufuta, na krenki nzima, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ikabidi itenganishwe na kukandamizwa upya. Nimekwisha kuamini kwamba huku kwetu visiwani pikipiki hizi haziuliwi na mwendo, bali huuliwa na kukaa, na hatua zote zitakazofuata zimepangwa kwa mtazamo huo.

Wengi wetu tumeijua injini ya aina hii kupitia vespa na mashine za boti, na ujuzi huo ni msingi mzuri. Petroli iliyochanganywa na mafuta hupita kwanza ndani ya chumba cha krenki, ikazilainisha beringi, ndipo ipande silindani kuungua. Chini hakuna akiba ya mafuta kama ilivyo katika gari, na kila kinachozunguka humo kinaishi kwa matone yanayopita. Injini ya mashindano hutofautiana na ya vespa kwa bomba lake la moshi, lililotanuka katikati na kubana mwishoni. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeonyesha jinsi mawimbi ya moshi yanavyoweza kurudi kutoka kwenye bomba hilo na kuuzuia mchanganyiko mpya usitoroke. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alikimbilia Magharibi, na ujuzi huo ukafika Suzuki. Mwaka 1975 Giacomo Agostini alitwaa kwa Yamaha ubingwa wa kwanza wa dunia wa daraja la 500 (injini za sentimita 500 za ujazo) uliopatikana kwa injini ya mipigo miwili, na daraja hilo halikutoka tena mikononi mwa injini hizo hadi mwisho wa msimu wa 2001. Kwa hiyo bomba lililobonyea au kutobolewa na kutu si suala la sura tu, kwani umbo lake ni sehemu ya injini.

Hatua ya kwanza: usiiwashe

Ukinunua pikipiki iliyokaa, hata muuzaji akiapa kwamba iliwaka juzi, usiisukume kuiwasha. (Nasema kuisukuma kwa sababu TZ haina kiki wala stata.) Toa plagi, tia mafuta kidogo katika kila silinda, uiache usiku mzima, kisha izungushe taratibu kwa mkono ukisikiliza. Mkwaruzo laini kutoka chini ni kutu ya beringi, na kutu hiyo haiondoki kwa kuendesha. Krenki za injini hizi hukandamizwa vipande kwa mashine ya presi, kisha hunyooshwa kwa geji mpaka mtikisiko ubaki sehemu chache tu za mia ya milimita. Mtu asiye na vifaa hivyo asiiguse, hata awe fundi hodari wa magari.

Tazama pia vifuniko vya injini. Baadhi ya pikipiki za mashindano zina vifuniko vya magnesiamu, na ukiona unga mweupe chini ya rangi, ujue chumvi imekwisha kuingia. Matairi, mipira ya breki na mipira ya petroli vibadilishwe bila ya mjadala.

Hatua ya pili: kuitafuta hewa ya wizi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote. Chumba cha krenki kikivuja, injini hunyonya hewa ambayo kabureta haikuipima. Mchanganyiko huwa mkavu, yaani petroli huwa pungufu kwa hewa iliyopo, joto hupanda, na pistoni hushikana na silinda. Sili za krenki ni za mpira, na mpira uliokaa bila kuguswa na mafuta hukauka, ukawa mgumu, ukaacha kuubana mhimili.

Kipimo chake ni rahisi. Ziba mlango wa moshi kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi na bamba la chuma, ziba mahali pa kabureta, ubakishe tundu moja dogo la kuingizia hewa. Kanuni ya mafundi wengi ni kujaza shinikizo la psi 6 (pauni kwa inchi ya mraba) na kungoja dakika 6. Mimi natumia mashine kuukuu ya kupimia presha ya damu, ile ya kubana kwa mkono, kwani saa yake huishia milimita 300 za zebaki, na kiwango hicho ni karibu sana na psi 6. Ninaishia 280 ili nisiiharibu. Sindano ikishuka, paka maji ya sabuni kila kiungo na utazame povu. Povu likitokea upande wa sumaku (inayozalisha umeme wa plagi), sili ya upande huo imekwisha. Upande wa klachi huwezi kuliona povu mpaka ufungue kifuniko, lakini hewa ikisikika inatoka katika tundu la kupumulia la gia boksi, jibu umelipata. Mapovu yakionekana ndani ya rejeta, gasketi ya kichwa ndiyo yenye kosa. Katika injini za Yamaha zenye silinda mbili, zipime silinda zote mbili kwa pamoja, kwa sababu kizuizi kilicho katikati ya krenki hakikuundwa kuzuia hewa kabisa.

Hatua ya tatu: mafuta na petroli

Vespa nyingi na mashine nyingi za boti hutumia sehemu moja ya mafuta kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Injini inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika haitosheki na kiasi hicho. Kwa pikipiki kongwe mimi hutumia moja kwa 20, yaani mililita 250 kwa lita 5, na hupima kwa kikombe chenye mistari, kamwe si kwa kukisia katika chupa ya soda. Jambo moja huwapotosha hata wazoefu: ukiongeza mafuta katika petroli, kiasi kilekile kinachopita katika jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) huwa na petroli pungufu, hivyo mchanganyiko unakuwa mkavu zaidi. Kila ukibadilisha kipimo cha mafuta, rudi kwenye jeti.

Wapo wanaopenda mafuta ya mbarika kwa harufu yake, na nakiri kwamba nami ni mmoja wao. Yanalinda vizuri katika joto kali, lakini lazima yawe yale yaliyosafishwa kwa ajili ya injini, si ya dukani kwa ajili ya tumbo. Hayachanganyiki na mafuta ya madini, hunyonya unyevu kopo likikaa wazi, na yakiachwa ndani ya injini hugeuka gundi inayoshika ringi za pistoni. Anayeacha pikipiki isimame muda mrefu atumie mafuta ya kutengenezwa kiwandani (sintetiki).

Hatua ya nne: jeti na majira yetu

Watu wengi huiogopa kaskazi wakidhani joto ndilo litakaloiua injini. Kwa upande wa kabureta mambo ni kinyume chake. Hewa ya moto yenye unyevu ni nyepesi na ina oksijeni kidogo, kwa hiyo jeti ileile hutoa mchanganyiko mzito, yaani wenye petroli ya kuzidi. Pikipiki itakosa nguvu na kutoa moshi, lakini haitajiumiza. Hatari inakuja kipupwe. Ukiipunguza jeti mwezi wa Januari hadi injini iimbe vizuri, kisha uitoe asubuhi ya Julai yenye hewa baridi na kavu bila kubadilisha chochote, umeshaifanya kavu. Tofauti hiyo si kubwa, ila injini iliyopunguzwa hadi ukingoni haihitaji tofauti kubwa. Anza daima na jeti kubwa, ushuke hatua moja moja, na usome plagi (utazame rangi ya ncha yake) baada ya kuiendesha kwa kasi kamili na kuizima ghafla huku klachi imebanwa. Kwa plagi za NGK kumbuka kwamba namba kubwa ndiyo plagi baridi, yaani inayopoteza joto haraka.

Pikipiki hizi hazina taa wala haki ya kuwa barabarani. Tafuta mahali palipofungwa na ruhusa ya mwenyewe. Sauti yake ni kali, nami sikuiwasha hata siku moja karibu na wakati wa sala wala jirani na wagonjwa.

Hatua ya tano: kuipasha na kuilaza

Pistoni hutanuka haraka kuliko silinda, kwa hiyo usifungue gesi kabla maji hayajafika nyuzi 60 hivi. Ndani ya rejeta tia maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi na hula alumini. Maji yaliyotoneshwa wauzaji huyaita maji ya betri, lakini hakikisha hukupewa asidi.

Kuilaza ndiko kazi yenyewe. Ikiwa haitawaka kwa zaidi ya wiki mbili, funga petroli na uiache injini imalize kilichomo katika kabureta, kisha mwaga kilichosalia. Ikipoa, tia mafuta silindani na kupitia mdomo wa kabureta, zungusha mara kadhaa ili yafike kila beringi, na rudisha plagi. Ziba bomba la moshi na mdomo wa kabureta kwa kitambaa chenye mafuta, ukifunge utepe mwekundu mrefu ili usije ukasahau. Mwaga maji ya rejeta. Ifute kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, kisha kikavu, kisha chenye mafuta. Iwekwe ndani juu ya mbao, isifunikwe kwa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu. Shuka la pamba linatosha. Mara moja kila mwezi zungusha krenki kwa mkono, isimame mahali tofauti na pa mwezi uliopita, na uandike tarehe katika daftari.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Wete: Nimepata pikipiki iliyokaa bandani miaka mingi na pistoni zimegandamana. Je, niitie gia niisukume hadi ziachie?

Jibu: Hasha, ndugu yangu. Utavunja konrodi au utazikwaruza silinda zisifae tena. Fungua kichwa, tia mafuta mepesi yanayopenya, uyaache siku kadhaa ukiyaongeza, kisha gonga pistoni taratibu kwa kipande cha mbao. Zikishaachia, usifurahi mapema: kutu iliyozishika juu imefika chini pia, kwa hiyo hesabu gharama ya krenki tangu leo.

Swali, kutoka Nungwi: Mimi ni nahodha, na mafuta ya mashine ya boti ninayo tele. Yana kosa gani katika pikipiki?

Jibu: Nahodha, mafuta yale yenye alama ya TC-W3 ni mazuri sana mahali pake. Mashine ya boti hupozwa na bahari nzima na mizunguko yake ni michache. Pistoni ya pikipiki ya mashindano hufikia joto ambalo mafuta yale hayakuandaliwa kulistahimili. Tafuta yaliyoandikwa kuwa ni ya mashindano ya mipigo miwili.

Swali, kutoka Mjini: Nikiachia gesi, mizunguko inakawia kushuka, na mafuta ya gia boksi yanapungua ingawa chini hapana tone. Yanakwenda wapi?

Jibu: Yanaungua. Sili ya upande wa klachi imechoka, chumba cha krenki kinayanyonya, na moshi mzito ni ushahidi wake. Ile hali ya kukawia ni dalili ya hewa ya wizi, na huenda ipo pia upande wa sumaku. Usiiendeshe tena, fanya kipimo cha hatua ya pili na ubadilishe sili zote kwa pamoja.

Swali, kutoka Chake Chake: Silinda yangu ina mikwaruzo. Fundi wa hapa anaweza kuichonga kama anavyozichonga za vespa?

Jibu: Inategemea, dada. RD350LC, pikipiki ya barabarani ya Yamaha, ina silivu (bomba la ndani ya silinda) ya chuma, nayo huchongwa ikatiwa pistoni kubwa zaidi. Silinda nyingi za mashindano, zikiwamo za TZ za zamani, zimepakwa ndani tabaka jembamba la kromu au nikeli juu ya alumini. Ukizichonga umeliondoa tabaka hilo. Hizo hupelekwa kupakwa upya.

Swali, kutoka Mwanakwerekwe: Sina mahali pa kuiendesha. Je, nikiiwasha dakika mbili kila Ijumaa, nikaizima, haitoshi kuzuia kutu?

Jibu: Inaleta kutu zaidi, sheikh. Dakika mbili haziipashi injini ikakauka; moshi huacha maji ndani ya bomba na silinda, na petroli mbichi huosha mafuta uliyoyatia. Kama huwezi kuipasha kikamilifu, ilaze kama nilivyoeleza, na Ijumaa yako itumie kuizungusha kwa mkono plagi zikiwa zimetolewa, kisha tia kijiko kidogo cha mafuta katika kila silinda kabla ya kuzirudisha.