Jinsi ya kukodi meli ya nafaka ya msaada, na pale saa inapokula pesa

Mpwa wangu yuko kwenye shirika moja la misaada Nairobi. Alinipigia usiku, sauti imemkauka. "Mjomba, nimepewa kazi ya kukodi meli. Tani 25,000 za ngano ya kichele, isiyo kwenye magunia, kutoka Constanța kule Romania hadi Djibouti, halafu Ethiopia kwa malori. Naanzia wapi?" Nikamwuliza amefika wapi. Akasema ameshapata bei tatu, na ya chini ni nzuri sana, imeshuka dola 2 kwa tani chini ya mwenzake.

Nilikaa miaka mingi kwenye meza ya kukodisha meli Mombasa, na hiyo "nzuri sana" naijua. Nauli ya tani ni chambo. Ndoana iko kwenye saa. Niliyomwandikia usiku ule ndiyo haya, nimeyapanga kidogo tu.

Hatua ya 1: Ujue mzigo kabla ya meli

Ngano hula takriban mita za ujazo 1.3 kwa tani, mahindi kama 1.4. Kwa hiyo tani 25,000 za ngano zinataka ngama (matumbo ya meli yanayobeba mzigo) zenye nafasi ya mita za ujazo 32,500 hivi, na hapo uko kwenye meli ndogo za daraja linaloitwa handisaizi. Si mzigo wa ajabu. Brave Commander, meli ya kwanza ya WFP (Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa) kutoka Ukraine baada ya yale makubaliano ya Istanbul ya Julai 2022 ya kupitisha nafaka Bahari Nyeusi, ilibeba tani 23,000 za ngano kwenda huko huko Djibouti.

Wenye meli wanapenda kuandika "asilimia 5 zaidi au pungufu, kwa hiari ya mwenye meli". Mfanyabiashara anaweza kuvumilia hilo. Wewe ngano yako imetolewa na mfadhili kwa kiasi kamili, huna ya kuongeza. Andika kiasi kisichopanda wala kushuka, au hiari iwe yako.

Na kama mfadhili ni serikali ya Marekani, simama kwanza. Sheria yao inataka angalau nusu ya shehena ya msaada ipande meli zenye bendera ya Marekani (hadi 2012 ilikuwa asilimia 75). Hilo hubadilisha bei na meli unazoweza kupata, kwa hiyo liulize siku ya kwanza, si siku ya kusaini.

Hatua ya 2: Dalali

Mmoja, wawili wakizidi. Ukiwapa oda madalali kumi, sokoni itaonekana kama mizigo kumi na bei itapanda kwa ajili yako mwenyewe. Kamisheni ya kawaida ni asilimia 1.25 ya nauli kwa kila dalali, na usione haya kuuliza nani mwingine anakula humo.

Hatua ya 3: Chagua meli

Nina msimamo hapa na sibishani: chukua meli yenye kreni zake na grabu zake (makucha ya kuchotea nafaka), hata ikiwa ghali. Meli isiyo na kreni ni nzuri pale penye mashine za kunyonya nafaka na maghala ya silo, kama Mombasa. Kwingineko unajiweka mikononi mwa kreni ya bandari, na siku unayoihitaji ndiyo siku inayoharibika.

Uliza umri wa meli (ikiwa kuukuu bima ya mzigo huongezeka), klasi yake, yaani daraja la ubora inalopewa na wakaguzi wa meli, na bima ya dhima ya mwenye meli. Uliza shehena tatu za mwisho. Ukisikia makaa ya mawe, saruji au mbolea, jua manahodha wote husema ngama zimeoshwa. Mkaguzi wako aingie mwenyewe, apitishe kitambaa cheupe kwenye mbavu za ngama, juu kule ambako ufagio haufiki. Na mifuniko ya ngama ipimwe kwa mawimbi ya sauti, si kwa kurushiwa maji ya mpira. Maji ya mpira hukuambia panapovuja leo, bandarini, meli imetulia. Hayakuambii mpira wa mfuniko unabana kwa nguvu gani.

Hatua ya 4: Saa

Hapa tukae.

Mkataba hukupa muda fulani wa kupakia na kupakua. Ukiumaliza, unalipa demareji kwa kila siku, na sehemu ya siku nayo inahesabiwa. Ukiwahi, unarudishiwa, kwa kawaida nusu ya kiwango cha demareji. Muda wenyewe hupatikana kwa kugawa tani kwa kasi uliyoahidi. Mpwa wangu kwenye ile ofa nzuri aliahidi kupakua tani 2,500 kwa siku, demareji dola 16,000. Tani 25,000, siku 10. Nikamwuliza hiyo 2,500 ameitoa wapi. "Dalali alisema bandari inaweza."

Bandari inaweza. Malori yako je?

Nikamwambia achukue kalamu. Lori moja tani 40. Tani 2,500 kwa siku ni malori 62 na nusu, sema 63. Lori likitoka Djibouti, likapanda hadi ghala Ethiopia, likashusha, likarudi na kuingia foleni tena, msafirishaji wake mwenyewe alisema siku 8. Basi anahitaji malori 500 barabarani. Ameahidiwa mangapi? 350. Gawa kwa 8, zidisha kwa 40: tani 1,750 kwa siku, hata kreni ziimbe. Kwa kasi hiyo kupakua ni siku 14 na ushei, kwa hiyo siku 4.3 za demareji, karibu dola 68,600. Ile nafuu ya dola 2 kwa tani ilikuwa dola 50,000. Simu ikanyamaza kidogo.

Kama una ghala karibu na gati, ongeza kiasi ghala linachomeza, lakini hesabu na gharama ya kubeba mara mbili. Na usisahau wenzako. Mwaka 2016, wakati wa ukame wa Ethiopia, meli za ngano na za mbolea zilikuwa zikigombania gati zile zile na malori yale yale pale Djibouti. Mbolea ina msimu wake, na haisubiri.

Sasa mambo manne yanayoendesha saa yenyewe.

La kwanza, saa inaanza lini. Nahodha akifika hutuma notisi kuwa yuko tayari, ile tunayoiita NOR. Kwenye fomu ya GENCON ya 1994, mkataba wa kukodi meli uliochapwa tayari, notisi ikitolewa hadi 12.00, muda unaanza 13.00 siku hiyo hiyo. Ikitolewa baada ya hapo, muda unaanza 06.00 siku ya kazi inayofuata. (Zingatia: saa za mkataba ni za Kizungu. Nimewahi kumwona karani akiandika saa 7 mchana kama 07.00, na ugomvi wake ulichukua mwezi.) Fomu hiyo pia inamruhusu nahodha kutoa notisi akiwa bado nangani kama gati limejaa. Maana yake foleni ni yako.

Hili ndilo lililonichoma mimi. Tani 22,000 za mtama, bandari moja upande wa Bahari ya Shamu. Niliahidi tani 2,000 kwa siku, yaani siku 11, demareji dola 14,000, Ijumaa na sikukuu hazihesabiwi. Nilijiona mjanja kwa hizo Ijumaa. NOR ikaingia Alhamisi saa 5:40 asubuhi. Ingechelewa dakika ishirini na moja tu, saa ingeanza Jumamosi alfajiri. Ikaanza Alhamisi ile ile saa 7 mchana. Meli ikakaa nangani siku 9 nyuma ya meli mbili za mbolea, na mimi sikuwa nimefuta hata neno moja kwenye fomu. Siku 11 zangu zikaisha Jumatano ya wiki ya pili, meli ina siku nne tu gatini. Kupakua kulichukua siku 15 kwa jumla. Katikati ikaandama Idi, kazi ikasimama siku tatu, nami nikasema hizo ni sikukuu. Dalali wa upande wa pili, mzee mpole sana, akaniandikia mstari mmoja: ukishaingia kwenye demareji, hutoki. Sikukuu hukusaidia ndani ya muda wako tu. Nje yake, Idi, mvua, msiba wa mfalme, yote yanahesabiwa. Siku 11, dola 154,000. Gawa kwa tani 22,000: dola 7 kamili kwa kila tani, juu ya nauli niliyojisifia kuwa nimeibana.

La pili, siku zisizohesabiwa. SHINC maana yake Jumapili na sikukuu zimo. SHEX, Jumapili na sikukuu hazimo. Lakini ukienda Djibouti au Port Sudan, siku ya mapumziko ni Ijumaa, kwa hiyo unataka FHEX, Ijumaa na sikukuu hazimo. Nimeona mikataba ya huko yenye SHEX, mtu amesamehewa Jumapili ambayo watu wanafanya kazi na kuhesabiwa Ijumaa ambayo geti limefungwa. Kisha angalia herufi zinazofuata: EIU ni "hata zikitumika hazihesabiwi", UU ni "hazihesabiwi isipokuwa zimetumika". Unataka EIU. Mwenye meli atakataa, utakataa kukataa kwake, mtakutana kwenye nusu ya muda uliotumika.

La tatu, kuunganisha saa. Silo za kupakilia hujaza meli haraka. Omba muda wa kupakia na wa kupakua uwe fungu moja, kwa hiari yako, ili siku ulizookoa kule zikusaidie huku. Hii ni sentensi moja tu na watu huisahau.

La nne, usijidanganye kuwa notisi mbovu itakuokoa. Meli ya Happy Day ilifika Cochin, India, kutoka Odesa na ngano Septemba 1998, nahodha akatoa notisi kabla ya wakati na hakutoa nyingine. Kupakua kukaenda hadi Desemba 25. Wakodishaji wakadai saa haikuanza kabisa, hivyo wao ndio walipwe kwa kuwahi! Miezi mitatu! Mahakama ya Rufani ya Uingereza, 2002, ikasema saa ilianza kazi ya kupakua ilipoanza bila mtu kulalamika. Ile hoja ilikuwa tamu, lakini haikulipa.

Hatua ya 5: Vita

Constanța hadi Djibouti ni Bahari Nyeusi, Suez, Bahari ya Shamu, Bab el-Mandeb. Vipande vyenye hatari vina nyongeza zake za bima. Andika nani analipa, kwa kiwango cha siku gani, na nini kitatokea nahodha akikataa kupita. Usidhani nembo ya msaada ni ngao: Februari 2024 Sea Champion ilishambuliwa ikiwa na nafaka ya kupeleka Aden.

Hatua ya 6: Kusaini na kulipa

Asilimia 95 ya nauli baada ya BL (hati ya shehena) kusainiwa, iliyobaki pamoja na hesabu ya demareji mwisho. Usikubali asilimia 100 mbele.

Hatua ya 7: Dawa

Nafaka hufukizwa fosfini ikiwa safarini. Gesi hiyo inaua, na imeshaua mabaharia kwa kupenya kwenye vyumba vyao. Mfukizaji akague uvujaji kabla ya kushuka, aache vipimo vya gesi, na ngama zipitishwe hewa na kupimwa kabla kuli yeyote hajakanyaga. Wakikuharakisha hapa, acha demareji itembee.

Hatua ya 8: Gatini

Kama unajaza magunia gatini, ya kilo 50 ni magunia 500,000. Agiza na asilimia 2 ya ziada, uzi na sindano za mashine. Sindano! Nimeona hopa nne, zile faneli za kujazia magunia, zimesimama kwa kukosa sindano.

Uzito wa kwenye BL hutokana na mizani ya silo au alama za kuzama kwa meli, na alama hizo zinaweza kukosea kama nusu asilimia, yaani tani 125 kwenye mzigo huu. Weka mpimaji wako pande zote mbili, yule yule ikiwezekana.

Kila jioni wakala wa meli ataleta karatasi ya matukio: saa ngapi kazi ilianza, mvua ilinyesha kuanzia lini, kreni ipi iliharibika. Kreni ya meli ikifa, muda huo si wako, lakini kama haukuandikwa haukutokea. Usisaini usichokiona. Ukilazimika, andika juu yake kwa mkono kuwa unapinga, kisha piga picha.

Mpwa wangu alirudi sokoni na tani 1,750, FHEX EIU, saa zimeunganishwa. Nauli ikapanda dola 1.60. Bosi wake akamwuliza kwa nini ameacha ya bei rahisi, naye akamtumia hesabu ya malori, picha ya ukurasa wa daftari, kalamu ya bluu, 350 imezungushiwa duara. Meli imeshapita Bosporus. Jana ameniuliza kama Djibouti kuna duka la sindano. Nimemwambia abebe za kwake kwenye begi.