Kabla Hujamzimia Mjusi Taa

Kwanza hakikisha mjusi unayemfuga ni wa kulala usingizi wa kipupwe, taa za kizimba zikiwa zimezimwa. Hapa namzungumzia pogona, yule mwenye miiba kidevuni kama ndevu, ambaye asili yake ni nyika kavu za bara la Australia. Huko kipupwe kikiingia hujificha na kupumzika mpaka joto lirudi, na hata akizaliwa ndani ya kizimba cha kioo huku Marekani, mwili wake bado unaufuata utaratibu huo. Kinyonga wa kwetu hana usingizi wa namna hii. Igwana pia hana. Wala hana yule mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza kule Morogoro, ambaye biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku tangu 2017, kwa hiyo ukiletewa wa kununua, kataa. Mijusi ya namna hiyo ukiipoza unaiua.

Mjusi hajatimiza mwaka? Asilale. Amekonda, anaharisha, ana kamasi puani? Asilale. Ndiyo kwanza umemleta nyumbani? Mwache akuzoee, usingizi mwakani. Na kama humfugi kwa ajili ya kuzalisha, si lazima umlaze hata kidogo. Ukiwa na shaka yoyote, acha taa zote zikiwaka kama kawaida.

Wiki nne hadi sita kabla, peleka kinyesi chake kibichi kwa daktari wa wanyama kikapimwe vimelea. Mwili ukipoa, kinga nayo inapungua. Minyoo ambayo kiangazi chote haikumsumbua inaweza kummaliza akiwa amelala.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu tumbo.

Pogona wetu wa kwanza tulimwita Babu. Tuliachiwa na jirani aliyehama, na mwanangu ndiye aliyekuwa akimhudumia. Novemba yetu ya kwanza naye, hapa Minnesota, Babu alianza kukwepa taa. Asubuhi alikuwa akijisukuma chini ya gogo na kukaa huko kutwa. Nilikuwa nimesikia kwamba hawa hulala kipupwe, nikasema haya, muda umefika. Ila nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtu halali njaa. Nikaona huruma kwamba kiumbe huyu anakwenda kukaa miezi miwili bila kula, nikamwandalia mlo wa kumwaga: nyenje kwa wingi, na sukuma wiki iliyokatwa vizuri. Akala sana. Kesho yake asubuhi nikazima taa zote, nikafunika kioo kwa kanga, nikamwambia mwanangu asimsumbue.

Siku ya tisa nilipofunua nilipokewa na harufu. Tumbo lilikuwa limevimba na kuwa gumu, na mdomoni alikuwa akitoa ute. Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi: mjusi hana joto lake mwenyewe, la kusagia chakula analipata juani au kwenye taa. Pogona anahitaji mahali pa kuotea penye nyuzi 38 hadi 42 ili tumbo lifanye kazi. Ukimwondolea joto, chakula kinabaki pale pale na kuanza kuoza, humo humo ndani yake. Alipewa dawa, akarudishiwa joto taratibu, lakini sumu ilikuwa imekwisha kuenea. Babu alikufa siku ya nne. Mwanangu aliniuliza kama alihisi maumivu, na sikuweza kumdanganya.

Kwa hiyo fanya hivi. Chakula kikome wiki mbili kabla, huku taa zikiendelea kuwaka kwa ukamilifu. Zote, ya joto na ya UVB, yaani ile ya mionzi kama ya jua. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanasitisha chakula na taa kwa pamoja, na mlo wa mwisho unabaki tumboni. Mwogeshe kila baada ya siku mbili kwenye maji ya uvuguvugu yasiyopita mabega yake. Maji humsaidia kupata choo, na pia hunywa humo. Mkaushe kabla ya kumrudisha. Usiguse swichi mpaka uone amepata choo kikubwa, kisha ameoga mara mbili au tatu zaidi bila kutoa kitu. Atakutazama kwa njaa. Vumilia. Pogona mzima mwenye afya ana akiba ya mafuta ya kumvusha.

Baada ya hapo punguza mwanga: taa ziwake kwa muda wa saa 12 kwa siku, kisha 10, kisha 8, kila hatua siku kadhaa, ndipo uzime. Joto la chumba libaki kati ya nyuzi 16 na 20, na ulipime kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Usimweke gereji, kwani usiku wa Januari gereji za huku huganda. Usimweke dirishani pia. Kisahani kifupi cha maji safi kiwepo, kwa sababu huamka mara moja moja kunywa, lakini sehemu ibaki kavu, maana baridi na unyevu vikikutana mapafu huumwa.

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime siku unayozima taa, andika, kisha mpime kila wiki. Mjusi anayelala kweli hapungui sana. Aliyeanza na gramu 420 akishuka chini ya 378, ndiyo asilimia kumi imekwenda: mwashie taa, mpeleke kwa daktari. Ukimgusa anapaswa kujisogeza, hata kama ni kwa uvivu. Macho yaliyozama, mdomo wazi, miguu inayotetemeka, hayo si usingizi, na usimsikilize anayekwambia ngoja kidogo.

Akiamka mwenyewe, au miezi mitatu ikitimia, rudisha mwanga kwa hatua zile zile. Maji kwanza. Chakula kisubiri mpaka awe ameota joto siku nzima au mbili, na kiwe kidogo. Taa ya UVB iliyokaa mwaka ibadilishe hata kama bado inang'aa.

Nawa mikono kila ukimshika, na watoto wanawe pia, kwa sababu ya salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Wageni wasimfunue kumtazama. Anayelinda nyumba ukisafiri aonyeshwe mizani na daftari. Na tafuta mapema daktari anayetibu reptilia, maana wengi ni wa mbwa na paka tu. Piga simu uulize kama watakuwa wazi wiki ya Krismasi, uandike namba yao ubavuni mwa kizimba.