Kamera ya Midiamu Fomati kwa Picha za Eksposha Ndefu: Hatua za Kuijaribu Kabla ya Kuilipia

Mwezi uliopita kijana mmoja anayepiga picha za harusi hapa Nairobi alinijia na shauri. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka miwili, na sasa alitaka kununua kamera ya midiamu fomati, yaani yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) kubwa kuliko ya kamera za kawaida, ya aina hizi mpya zisizo na kioo cha ndani, ili apige picha za jiji jioni na usiku, zile za eksposha ndefu, shata ikibaki wazi kwa sekunde au dakika nyingi, ambazo magari hugeuka kuwa mito ya mwanga na mawingu yakawa kama pamba iliyochambuliwa. Huniita Mwalimu, ingawa sijawahi kusimama mbele yake darasani. Nilimwomba asilipe hata shilingi moja kabla hatujapita pamoja katika hatua hizi, nami nimeziandika kwa sababu yeye ni wa nne kuniuliza jambo hilohilo mwaka huu.

Ninachukulia kwamba msomaji anajua kutumia kamera kwa mkono, yaani kuweka ISO, tundu la lenzi na muda wa shata bila kutegemea otomatiki. Sitaeleza hayo.

Hatua ya 1: Jua ukubwa wa picha utakayoichapisha

Sensa ya kamera hizi, ziwe GFX za Fujifilm au X za Hasselblad, ina ukubwa wa milimita 43.8 kwa 32.9. Sensa ya fremu kamili, ambayo wapiga picha wengi wa harusi wanayo tayari, ni milimita 36 kwa 24. Kwa eneo, ile kubwa ni kama mara 1.67 ya ile ndogo. Tofauti hiyo ipo, lakini si kubwa kama bei inavyotufanya tuamini.

Piga hesabu ya karatasi. Picha ya megapikseli 24 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi hutoa upana wa takriban sentimita 51. Ya megapikseli 51 hufika sentimita 70, na ya megapikseli 102 inakaribia sentimita 99. Ikiwa picha zako zitaishia kwenye simu, funga ukurasa huu ukanunue tripodi nzuri. Kijana wangu alikuwa ameombwa picha za kutundikwa katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli, ambako mgeni anayesubiri ufunguo husogea mpaka pua iguse kioo, kwa hiyo tuliendelea.

Hatua ya 2: Chagua mwili mmoja wa kamera na lenzi moja

Msimamo wangu hapa ni mkali na sitauficha: kwa kazi hii, mwili uliokwishatumika wa megapikseli 51 na lenzi moja isiyo ya zumu unatosha. Fujifilm walianza na GFX 50S mwaka 2017, wakafuata na GFX 50R mwaka 2018, na GFX 50S II ilitoka mwaka 2021. Pikseli za sensa hiyo ni pana, takriban mikroni 5.3, ilhali zile za megapikseli 102 ni mikroni 3.76, sawa kabisa na za kamera ya fremu kamili ya megapikseli 61. Ukilipia megapikseli 102 utapata nafasi zaidi ya kuchapisha, lakini usitegemee kwamba kila pikseli itakuwa safi kuliko ya jirani yako.

Hasselblad X2D 100C, ya mwaka 2022, ni chombo kizuri mno, na ISO yake ya chini kabisa ni 64, jambo linalosaidia unapotaka kurefusha muda. Shata yake imo ndani ya lenzi, na wauzaji hulisifu jambo hilo kwa kuwa linapunguza mtikisiko. Hata hivyo, kwa picha ya dakika nne, mtikisiko wa shata unaochukua sehemu ndogo ya sekunde hauachi alama yoyote inayoonekana. Usiilipie shata hiyo.

Kitu kimoja ambacho kamera zote zisizo na kioo zinakupa bure ni kwamba mwanga hauwezi kupenya kupitia kitafutio cha kuchungulia, kwa kuwa ndani yake mna skrini ndogo tu. Waliowahi kutumia kamera za zamani zenye kioo wanakumbuka jinsi tulivyokuwa tukibandika tepu nyeusi pale nyuma.

Hatua ya 3: Filta

Nunua mbili za ND, zile za kijivu kizito zinazopunguza mwanga: ya stopu 6 na ya stopu 10 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Chukua za duara, za kipenyo cha milimita 82, kisha utumie pete za kuongeza kipenyo (step-up) kwa lenzi ndogo. Lenzi ya Fujifilm ya GF 45mm, kwa mfano, ina uzi wa milimita 62. Filta za mraba zinazochomekwa kwenye fremu huvujisha mwanga pembeni, hasa taa ya barabarani ikiwa ubavuni mwako. Filta za kuzungusha, zinazobadilika kutoka nyepesi hadi nzito, sizitaki hata kuzisikia, kwani kwenye lenzi pana huchora msalaba wa giza katikati ya anga.

Filta ya stopu 10 hurefusha muda mara 1,024. Ikiwa bila filta ungehitaji 1/15 ya sekunde, ukiifunga utahitaji sekunde 68. Weka fokasi kabla ya kuifunga, kisha hamia fokasi ya mkono.

Hatua ya 4: Tripodi na mahali pa kuisimamisha

GFX 50S II ina gramu 900, na ukiifunga lenzi ya zumu ya 32-64mm yenye gramu 875 unakaribia kilo mbili, kwa hiyo ile tripodi ya video inayochezacheza kichwa iache nyumbani. Zima kitulizaji cha sensa, kile kinachofidia mtikisiko wa mkono, mara kamera inapokaa juu ya tripodi.

Madaraja ya waenda kwa miguu juu ya Thika Road yanavutia kwa michirizi ya taa, lakini simama pale kwa dakika moja utasikia kwa nyayo zako jinsi daraja linavyotikisika kila kundi la watu linapopita. Sogeza tripodi hadi juu ya nguzo inayobeba daraja, si katikati. Kisha beba kofia nyeusi au kipande cha kadibodi kilichopakwa rangi nyeusi: watu wakikaribia, kishike mbele ya lenzi bila kuigusa, wakishapita kiondoe. Shata inabaki wazi muda wote, ila sensa haioni kitu daraja linapocheza. Nimepiga hivyo picha ya sekunde 90 ambayo ndani yake kofia ilikaa mbele ya lenzi karibu nusu ya muda, na kingo za majengo zilikuwa kali kama wembe. Nenda na mwenzako wa kukulindia begi, na mwombe askari wa jengo ruhusa mapema badala ya kubishana naye kamera ikiwa imeshasimama.

Hatua ya 5: Fremu nyeusi, na jinsi ilivyonimalizia jioni tatu

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa mtu angenieleza zamani.

Sensa ikikaa wazi kwa dakika kadhaa hupata joto, na pikseli kadhaa huanza kung'aa zenyewe: vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu vilivyotapakaa hasa kwenye sehemu za giza. Ili kuviondoa, kamera ina chaguo la kupunguza dosari za eksposha ndefu. Ukiliwasha, kamera hupiga picha yako, kisha hufunga shata na kupiga nyingine ya giza tupu kwa muda uleule, halafu hutoa ya pili kutoka kwa ya kwanza. Picha ya dakika nne, basi, huchukua dakika nane.

Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa juu ya paa la jengo moja Upper Hill na kamera ya kuazima, jengo la KICC likiwa mbele yangu na anga likianza kugeuka buluu. Nikapiga dakika nne. Muda ulipokwisha skrini ilibaki na maandishi tu, vitufe havijibu. Nikasubiri dakika moja, mbili. Askari aliyenisindikiza akaniambia, "Mzee, hiyo mashine yako imelala." Nikaamini. Nikachomoa betri, nikairudisha, na picha haikuwepo, kwa sababu kamera haihifadhi kitu mpaka utoaji ule ukamilike. Nikapiga tena, nikachomoa tena. Kufikia mara ya tatu giza lilikuwa limeingia.

Hapa Nairobi kosa hilo ni ghali kuliko kwingine. Tuko karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, na utusitusi wenye rangi nzuri hudumu kama dakika 20 tu. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, kutegemea mwezi, na baada ya hapo huna muda wa kuchezea. Kwa picha za dakika nne, ukiliacha chaguo lile likiwa limewashwa utapata picha mbili, labda ya tatu. Ukilizima utapata tano. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini, ambako utusitusi wa kiangazi hukokota, wanaweza kuandika miongozo inayosema "liwashe tu"; sisi hatuwezi.

Basi lizime, upige fremu nyeusi mwenyewe baada ya utusitusi kwisha. Sharti ni kwamba ISO iwe ileile, muda uwe uleule, na joto la kamera liwe lilelile au karibu sana. Sharti la tatu ndilo lililoniponza jioni ya pili. Nilijiona mjanja: nikafunga kifuniko cha lenzi, nikaitia kamera begini na kuiacha ipige fremu zake nyeusi tukiwa ndani ya matatu kurudi nyumbani. Nyumbani nikatoa, na badala ya vidoa vyenye rangi nikapata vidoa vyeusi, matundu madogo kama ya sindano katika anga lote. Begini, bila upepo, kamera ilikuwa imepata joto kuliko juu ya paa, na fremu nyeusi zilikuwa na vidoa vikali kuliko vya picha yenyewe. Nilikuwa nimetoa zaidi ya kilichokuwemo.

Kwa hiyo iache kamera palepale juu ya tripodi, kwenye upepo uleule. Funga kifuniko, na juu yake zungushia kitambaa kizito cheusi, maana taa za jirani hupenya mahali usipopadhania. Jioni ya tatu niliharibu fremu kwa kusahau kitambaa. Piga tatu, ikiwezekana tano, ili programu ichukue wastani wake. Fremu za wiki iliyopita hazifai, hata kama ISO na muda vinalingana: usiku wa Julai wenye baridi na usiku wa Februari hautoi vidoa sawa. Ukibadilisha muda wa picha katikati ya jioni, kila muda unahitaji fremu zake, na hii ndiyo sababu siku hizi nachagua muda mmoja, dakika nne au mbili, nikashikamana nao jioni nzima. Kwa mawimbi ya magari kwenye Expressway, ambako sekunde 20 au 30 zinatosha, fremu nyeusi hazihitajiki hata kidogo.

Kazi ya kutoa naifanya kwa RawTherapee, ambayo ni ya bure, na ina sehemu maalumu ya fremu nyeusi kwenye kichupo cha mafaili ghafi (RAW). Naipendelea kuliko kuweka tabaka juu ya tabaka katika programu za kulipia, kwa kuwa inatoa kabla rangi na mwangaza havijaguswa.

Kabla ya kununua, hakikisha kamera unayoitaka inakuruhusu kulizima chaguo hilo. Si kila kamera inaruhusu.

Hatua ya 6: Muda wenyewe

Kwenye GFX weka modi ya T, ambayo hukuwezesha kuchagua muda hadi dakika 60 bila rimoti. X2D hufika dakika 68. Tundu f/11. Betri mbili.

Hatua ya 7: Kodisha, linganisha, uamue

Ulizia mapema, kwani kamera hizi si rahisi kuzipata za kukodisha mjini. Tulipata ya siku moja. Tulisimamisha tripodi mbili bega kwa bega: midiamu fomati ya megapikseli 51 ikipiga dakika nne mara moja, na kamera yake ya zamani ya megapikseli 24 ikipiga picha 16 za sekunde 15 mfululizo, ambazo baadaye tulizichanganya kwa wastani. Ukichanganya picha 16, chembechembe za dosari hupungua mara nne, na wala hakuna fremu nyeusi ya kusubiri. Kwenye skrini ya kompyuta kijana hakuweza kuniambia ipi ni ipi.

Tukachapisha zote mbili kwa upana wa sentimita 70, tukazibandika ukutani. Kwa hatua tatu zilifanana. Kwa karibu, madirisha ya jengo la mbali katika ile ya midiamu fomati yalihesabika moja moja, na katika nyingine yalikuwa yameshikana kama asali. Alizitazama kwa muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma, kisha akauliza kama hoteli itakubali kuweka kamba ya kuzuia wageni wasikaribie. Wiki iliyofuata alinunua GFX iliyotumika na lenzi ya 45mm, na kwa salio akanunua tripodi.