Kuzuia maji ya mafuriko ya ghafla mlangoni

Mvua ikizidi na mtaro ukianza kufurika, zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia ndani. Ukiwa tayari umesimama majini, usiiguse kabisa.

Kisha panga viroba vya mchanga. Kila kimoja kijazwe nusu, au theluthi mbili kwa wingi. Hapa ndipo wengi hukosea: kiroba kilichoshindiliwa hadi mdomoni hakilali sawasawa, na maji hupenya kwenye mianya. Tandika nailoni nzito mlangoni kwanza. Mdomo wa kiroba ukunje chini yake, uelekee maji yanakotoka. Safu ya pili ipishane na ya kwanza kama matofali, na kila kiroba kikanyage mpaka kijibane. Choo na tundu la maji la bafuni navyo vizibwe, kwani maji machafu hurudi humo hata mlango ukiwa imara.

Maji yakishinda viroba, acha vyote mpande mahali pa juu, watoto wakitangulia. Sentimita 15 za maji ya kasi zaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hubeba magari mengi.